Njia za Kufika Bergen, Bandari Iliyo Nyuma ya Milima

Mtu aitazamapo ramani ya Ulaya huona, juu kabisa upande wa kaskazini, nchi ndefu na nyembamba ambayo ukingo wake wa magharibi umekatwakatwa na bahari kama kitambaa kilichotatuka. Nchi hiyo ni Norwei. Katika ukingo huo, karibu nyuzi 60 kaskazini ya Ikweta, umekaa mji wa Bergen, wa pili kwa ukubwa katika nchi hiyo, wenye watu wapatao 290,000. Mbele yake kuna maji, na nyuma yake kuna milima saba. Wenyeji huihesabu milima hiyo kwa fahari, ijapokuwa mara nyingi hawapatani ni ipi hasa iliyo ya saba.

Mji huu, kama masimulizi ya kale ya nchi hiyo yasemavyo, ulianzishwa na mfalme Olav Kyrre mwaka 1070. Katika karne ya 13 wafalme wa Norwei walikaa hapo, na mpaka karne ya 19 hapakuwa na mji mwingine katika Norwei uliokuwa mkubwa kuupita. Lakini jambo la ajabu ni hili: kwa muda wa zaidi ya miaka 800, mtu wa Bergen aliona ni rahisi kwenda Ujerumani au Uingereza kuliko kwenda Oslo, ulio mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Na Oslo hauko mbali. Mtu akipiga mstari ulionyooka juu ya ramani, atapata kilomita 300 hivi tu.

Basi atakaye kuufahamu mji huu haitoshi aulize uko umbali gani. Yampasa aulize una njia gani, ni akina nani waliozifungua, na watu hupata taabu gani zinapofungwa. Siku hizi njia kubwa za kufika Bergen ni nne: ya bahari, ya reli, ya barabara na ya hewani. Inafaa zielezwe moja moja, kwa kufuata jinsi zilivyotangulia.

NJIA YA BAHARI

Bahari ndiyo njia mama. Ingawa Bergen uko kaskazini sana, bandari yake haigandi kwa barafu wakati wa baridi, maana maji ya vuguvugu yanayosukumwa na mkondo wa bahari kutoka kusini-magharibi hupita karibu na pwani hiyo. Kwa hiyo vyombo viliweza kuingia na kutoka mwaka mzima, wakati bandari nyingine nyingi za kaskazini zilipokuwa zimefungwa.

Biashara iliyoutajirisha mji ilikuwa ya samaki mkavu. Huko mbali kaskazini, katika visiwa vya Lofoten, wavuvi huvua samaki wa maji baridi aitwaye torsk. Humpasua, humtoa matumbo, na kumtundika juu ya ulingo wa miti ili upepo umkaushe. Hawamtii chumvi, kama watu wa pwani ya Kenya wafanyavyo ng'onda. Baridi na upepo vyatosha. Samaki huyo akikauka huwa mgumu kama ukuni, na aweza kukaa miaka bila kuoza. Hata leo huuzwa mpaka Nigeria, ambako hupendwa sana katika mchuzi.

Wavuvi walimleta samaki huyo Bergen kwa mashua, na wafanyabiashara wa Kijerumani wa ule ushirika wa miji uitwao Hansa walimnunua. Wajerumani hao walifungua kituo chao hapo karibu na mwaka 1360, wakakaa mpaka mwaka 1754. Maghala yao ya mbao, yenye paa za pembe kali zilizopangana kando ya gati, yangali yakionekana mahali paitwapo Bryggen. Moto umeyateketeza mara nyingi, hasa ule mkubwa wa mwaka 1702, na kila mara yamejengwa tena kwa namna ile ile ya zamani. Mwaka 1979 yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Msomaji aliye mkulima atauliza: je, Wajerumani walileta nini badala ya samaki? Walileta nafaka. Na hapo ndipo penye kiini cha habari za mji huu. Katika Norwei nzima, ardhi iwezayo kulimwa ni kama sehemu tatu tu katika kila mia. Iliyobaki ni mwamba, misitu, maziwa na theluji. Pwani ya Bergen hunyesha mvua nyingi mno kwa ngano. Basi mkate wa mji ulikuja kwa merikebu, na merikebu zisipokuja, hapakuwa na mkate.

Jambo hili lilidhihirika kwa uchungu katika vita vya wakati wa Napoleon. Toka mwaka 1807 mpaka 1814 Norwei, iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark, ilikuwa katika vita na Uingereza, na manowari za Waingereza zilizuia nafaka isivuke bahari. Mavuno nayo yalikuwa haba miaka kadhaa. Watu waliona njaa, wengine wakachanganya unga na magome ya miti. Mji wenye njia moja tu ni kama nyumba yenye mlango mmoja: adui akisimama mlangoni, waliomo ndani hawana pa kupita.

Baadaye zikaja meli za moshi. Mwaka 1890 ilianzishwa safari ya kawaida kati ya Bergen na Newcastle, Uingereza, iliyochukua takriban siku moja na usiku wake. Wanafunzi, mabaharia, wafanyabiashara na watalii walivuka kwa njia hiyo, hata vijana wa Bergen wakaiona Newcastle kama mji wa jirani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipoitwaa Norwei mwezi Aprili 1940, mlango ulifungwa tena. Hapo wavuvi wakaifungua njia nyingine kwa siri. Katika giza la majira ya baridi walivuka kwa mashua zao ndogo mpaka visiwa vya Shetland, upande wa kaskazini wa Scotland, umbali wa kilomita 350 hivi. Kutoka Norwei walichukua wakimbizi. Kutoka Shetland walileta silaha na wajumbe. Vyombo vingi vilizama, vingine kwa dhoruba na vingine kwa kupigwa na ndege za Wajerumani. Nahodha mmoja mashuhuri wa njia hiyo, Leif Larsen, alikuwa mzaliwa wa Bergen, na sanamu yake imesimama mjini humo. Watu waliita safari hizo kwa mzaha “basi la Shetland”, kana kwamba ni gari la kila siku la kwenda sokoni.

Lakini jambo ambalo vita havikuweza kulikomesha, hesabu ya fedha ililikomesha. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda na tikiti za ndege ziliposhuka, safari ya Newcastle ilifutwa. Tangu hapo msafiri hawezi tena kupanda meli ya abiria ya kawaida kutoka Uingereza mpaka Bergen. Wapo wazee wa pande zote mbili wanaosikitika hata leo.

Atakaye kufika kwa bahari siku hizi huanzia Denmark. Katika ncha ya kaskazini ya nchi hiyo iko bandari ndogo ya Hirtshals. Hapo meli kubwa huchukua abiria pamoja na magari yao, hupitia Stavanger, kisha hupanda na pwani mpaka Bergen. Msafiri hulala melini. Akiamka mapema apande juu ya sitaha, maana mwendo wa mwisho kati ya visiwa ni mzuri sana: miamba mitupu ya kijivu kwanza, kisha vibanda vya wavuvi vilivyopakwa rangi nyekundu, kisha nyumba nyeupe juu ya vilima, na mwisho mji wenyewe umekumbatiwa na milima.

Iko pia meli ya pwani. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1893 na nahodha Richard With, ili kupeleka barua na mizigo kaskazini, maana wakati wa baridi barua ziliweza kukawia miezi kabla ya kufika Hammerfest. Mwanzo ilitoka Trondheim; tangu mwaka 1898 hutoka Bergen. Leo hupita katika bandari 34, ikaishia Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, na safari ya kwenda tu huchukua kama siku sita. Wako watalii ndani yake, lakini wako pia watu wa vijiji vya pwani wapandao bandari hii na kushuka ile, na chini yao mna shehena za maduka yao.

RELI INAYOPITA KATIKA THELUJI

Njia ya pili, ambayo wengi husema ndiyo bora ya zote, ni ya reli kutoka Oslo. Habari zake zastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kabla ya reli, mtu wa Bergen aliyeitwa Oslo kwa kesi au kwa kazi ya serikali alikuwa na mashauri mawili. Aliweza kuzunguka pwani yote ya kusini kwa meli, au kuvuka milima kwa mashua, gari la farasi na miguu. Kwa vyovyote safari ilikula siku kadhaa, na wakati wa theluji njia ya milimani ilikuwa ya hatari.

Mwaka 1871 ofisa mmoja wa misitu, jina lake Hans Gløersen, aliandika katika gazeti moja la Bergen kwamba yafaa ijengwe reli ya kuvuka milima mpaka mji mkuu. Wako waliomcheka. Je, gari la moshi litapitaje mahali ambapo hata farasi hushindwa? Lakini neno likiisha kuandikwa gazetini halirudi. Bunge lilikubali kwanza kipande kidogo, cha kutoka Bergen mpaka Voss, nacho kikafunguliwa mwaka 1883. Kisha yakafuata mabishano marefu juu ya gharama. Norwei ya siku hizo haikuwa nchi ya mafuta na fedha nyingi kama ilivyo leo. Ilikuwa nchi ya wavuvi na wakulima, watu wake hawakutimia milioni 2 na nusu, na maelfu kwa maelfu walikuwa wakihamia Marekani kutafuta maisha.

Kazi ya milimani ilikuwa ngumu kupita kiasi. Hapakuwa na barabara wala nyumba, kwa hiyo ilibidi kwanza kutengeneza njia ya mikokoteni ili kupandisha chakula, baruti na vifaa. Theluji ilibaki mpaka katikati ya mwaka, hata kazi za nje zikawezekana kwa miezi michache tu. Ndani ya mahandaki vibarua walifanya kazi majira yote, wakiutoboa mwamba kwa tindo na nyundo. Handaki la Gravhals peke yake lina urefu wa mita 5,311, na mwamba wake ni mgumu kama chuma. Vibarua hao, walioitwa rallar, walikuja kutoka sehemu nyingi za Norwei na Uswidi. Njia yao ya mikokoteni ingaliko, nayo hutumiwa na watu waendeshao baiskeli kwa matembezi wakati wa joto.

Mwezi Novemba 1909 mfalme Haakon wa Saba aliifungua reli nzima. Tangu ile makala ya gazeti ilikuwa imepita miaka 38. Safari ya siku kadhaa ikawa safari ya mchana mmoja.

Leo kutoka Oslo mpaka Bergen kwa reli ni karibu kilomita 490, yaani umbali usiopishana sana na ule wa kutoka Nairobi mpaka Mombasa. Safari huchukua saa sita na nusu mpaka saba. Watu wangali wakisema “gari la moshi”, lakini moshi wenyewe haupo, kwa sababu reli yote hutumia umeme tangu mwaka 1964. Msafiri hutoka Oslo katika nchi ya mashamba na misitu. Halafu gari hufuata mito na kuanza kupanda. Nyumba huwa chache, miti hupungua na kuwa mifupi, kisha hutoweka kabisa. Huko juu iko stesheni ya Finse, yenye urefu wa mita 1,222 juu ya bahari, ambayo ndiyo ya juu kuliko zote katika Norwei. Hakuna barabara ya magari ifikayo hapo, ila reli tu. Upande mmoja huonekana mlima wa barafu ya kudumu, uitwao Hardangerjøkulen.

Hapa msomaji wa Kenya atashangaa. Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na stesheni ya Timboroa iko zaidi ya mita 2,700. Basi Finse ni chini kuliko Nairobi! Mbona basi Finse hufunikwa na theluji zaidi ya nusu ya mwaka, na mkulima wa Timboroa hupanda viazi? Sababu ni jua. Karibu na Ikweta jua hupiga kutoka juu mwaka mzima, hata milima mirefu ikapata joto. Karibu na ncha ya dunia, jua la majira ya baridi huambaa chini, karibu na upeo wa macho, kwa saa chache kisha huzama. Kwa hiyo urefu wa mlima peke yake haueleweki mpaka mtu ajue mlima huo uko wapi duniani.

Theluji ndiyo adui wa kila siku wa reli hii. Mahali pengi zimejengwa paa ndefu juu ya reli ili kuizuia, na magari maalum yenye panga kubwa za kuzunguka huilima theluji na kuirusha kando. Mwaka 1993 lilifunguliwa handaki jipya lenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 karibu na Finse, likakiacha kando kipande kilichokuwa kikisumbua zaidi. Hata kinga yaweza kuleta hatari yake. Mwezi Juni 2011, huko Hallingskeid, paa la mbao la kuzuia theluji lilishika moto, na gari lililokuwa na abiria zaidi ya 200 likaingia humo na kuteketea. Kwa bahati njema watu wote walitoka salama.

Kutoka Finse gari huteremka upande wa bahari, likiingia handaki hili na kutoka lile. Yote pamoja ni zaidi ya mia. Katika stesheni ya Myrdal abiria wengi hushuka ili kupanda reli ndogo ya Flåm. Reli hiyo ilianza kazi mwaka 1940. Katika kilomita 20 tu hushuka kutoka mita 866 hadi usawa wa bahari, nayo ni miongoni mwa reli za kawaida zenye mteremko mkali kabisa duniani. Chini yake kuna hori ndefu ya bahari iliyopenya katikati ya milima. Hori za namna hiyo Wanorwei huziita fjord. Toka Flåm, wakati wa joto, msafiri aweza kumalizia safari kwa mashua ya mwendo wa kasi mpaka Bergen.

BARABARA NA VIVUKO

Njia ya tatu ni ya magari. Kutoka Oslo ni karibu kilomita 500, na dereva mwenye busara huitengea siku nzima, maana barabara hupindapinda na mwendo huwekewa mpaka.

Katika barabara moja liko handaki la Lærdal, lililofunguliwa mwaka 2000. Lina urefu wa kilomita 24 na nusu, na hakuna handaki la magari lililo refu kulipita duniani. Dereva hukaa ndani ya mlima kama dakika 20. Waliolijenga walijua kwamba mtu akiona ukuta wa aina moja kwa muda mrefu huchoka, hata aweza kusinzia. Kwa hiyo wamechimba mapango matatu makubwa njiani na kutia taa za buluu na manjano, ili dereva aone kama kunapambazuka, moyo wake uamke. Faida kubwa ya handaki hilo ni kwamba halijui theluji, basi njia iko wazi majira yote.

Barabara nyingine hupita juu ya uwanda wa Hardangervidda. Wakati wa joto ni njia ya kupendeza. Wakati wa baridi hufungwa mara kwa mara, au magari hungojeana kwenye kizuizi, kisha huenda kwa msafara nyuma ya gari la kulima theluji, kila mmoja akitazama taa ya mwenziwe. Mbele, tangu mwaka 2013, liko daraja lililotundikwa kwa kamba za chuma juu ya hori ya Hardanger. Kati ya nguzo zake mbili kuna mita 1,310.

Ajaye kutoka Stavanger, upande wa kusini, aweza kupanda basi na kufika kwa saa tano hivi. Humo njiani basi huingia melini mara mbili, kama magari yafanyavyo kwenye feri ya Likoni. Lakini mambo yanabadilika: sasa wanachimba chini ya bahari handaki jingine la kilomita kama 26 karibu na Stavanger, ili siku moja kivuko kimojawapo kisihitajiwe tena.

NJIA YA HEWANI

Njia ya nne ndiyo changa na ndiyo ya haraka. Zamani ndege zenye kutua juu ya maji zilifika Bergen, kwa kuwa hapakuwa na uwanja mpana kati ya milima na bahari. Uwanja wa Flesland ulifunguliwa mwaka 1955 juu ya miamba kusini ya mji. Kutoka Oslo ndege hukaa hewani kama dakika 50 tu.

Hakuna ndege iendayo moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka Bergen. Msafiri hubadili ndege katika mji mwingine wa Ulaya, kama vile Amsterdam. Akumbuke mambo mawili. Kwanza, Norwei si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika mapatano ya Schengen. Kwa hiyo viza ya Schengen ndiyo imfaayo, na pasipoti yake hukaguliwa katika nchi ya kwanza ya mapatano hayo atakayotua. Pili, kijana aendaye kusoma asitegemee habari za zamani. Chuo Kikuu cha Bergen, kilichoanzishwa mwaka 1946, kimewafundisha wanafunzi wengi wa Afrika bila karo. Lakini tangu mwaka 2023 wanafunzi watokao nje ya Ulaya hutozwa karo katika vyuo vya serikali ya Norwei, isipokuwa wenye udhamini au msamaha maalum.

Asiyependa kuruka, lakini yuko tayari Ulaya, aweza kufika kwa nchi kavu. Kutoka Ujerumani atapanda gari la moshi mpaka Copenhagen, atavuka lile daraja la Øresund lililofunguliwa mwaka 2000 na kuingia Uswidi, atapita Gothenburg mpaka Oslo, na hapo atashika reli ya milimani. Ama, atapanda meli ya usiku kutoka Kiel, Ujerumani, na kuamka Oslo. Ahesabu siku mbili au zaidi, na alipe malazi njiani.

MSAFIRI ACHAGUE IPI?

Toka uwanja wa ndege, gari la umeme lipitalo juu ya reli za mjini humfikisha msafiri katikati ya Bergen kwa dakika kama 45. Njia hiyo ilianza kazi mwaka 2010 na kufika Flesland mwaka 2017. Atakaye kuuona mji wote kwa mara moja apande Fløyen, mmoja wa ile milima saba, kwa gari livutwalo na kamba ya chuma, ambalo limekuwa likipandisha watu tangu mwaka 1918. Kutoka juu ataziona njia zote kwa jicho moja: meli gatini, reli ikitokea ndani ya mlima, barabara juu ya madaraja.

Asisahau koti la mvua. Hunyesha zaidi ya siku 200 kila mwaka, na kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 mpaka Januari 2007 ilinyesha kila siku kwa siku 85 mfululizo. Majira nayo yana maana kubwa. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tano usiku. Mwezi Desemba huchomoza kama saa nne kasorobo asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limekwisha kutua.

Mwenye haraka apande ndege, hapana aibu. Mwenye gari na watoto ashike barabara au meli ya Denmark. Lakini mwenye siku moja ya ziada na apande reli kutoka Oslo wakati wa mchana, akae upande wa dirisha, na kule Finse ashuke dakika moja akanyage theluji. Hapo atakumbuka kwamba njia hii ilianza kuwa maneno tu katika gazeti, na waliosoma wakacheka.

Waliojenga hawakungoja mlima uondoke. Mji ulioonja njaa kwa sababu ya kuwa na mlango mmoja ulijichimbia wa pili ndani ya mwamba, kisha wa tatu, kisha wa nne. Penye nia ipo njia, walisema wahenga. Na asiyeamini aweza kukata tikiti Oslo asubuhi, na kabla ya jua kuzama akatelemka Bergen, akatembea dakika kumi kutoka stesheni, akayaona maji ya bandari.